Friji inaunguruma, inalia "ta", haigandishi: nimwachie mdogo wangu abadilishe stata?

"Shikamoo fundi. Naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Friji yangu ni ya milango miwili, friza juu, nina miaka sita nayo. Jumapili umeme ulikatika ukarudi, ukakatika ukarudi, kama mara tatu ndani ya dakika chache. Tangu hapo taa ya ndani inawaka lakini haigandishi. Nyuma kwa chini nasikia muungurumo kidogo, kisha 'ta', kimya. Baada ya dakika chache tena muungurumo, 'ta'. Fundi wa kwanza kaja kasema gesi imeisha kwa sababu ya joto la huku, anataka 90,000. Wa pili hata hakufungua, kasema kompresa imekufa, 320,000 pamoja na ufundi. Mdogo wangu yuko kidato cha nne, kaangalia video, anasema ni stata tu, duka la spea wamemwambia 12,000 na atabadilisha mwenyewe. Je, nimwachie? Naogopa gesi isije ikalipuka, naogopa umeme, na naogopa kutupa hela. Ndani kulikuwa na nyama ya wiki nzima na dawa ya sindano ya mama, ana kisukari."

Marahaba, binti yangu, na pole kwa kitoweo. Niruhusu nianze na dawa ya mama, kwa sababu friji inaweza kungoja hadi Jumamosi, sukari haingoji. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Iliyokwisha kufunguliwa huvumilia joto la kawaida la chumba kwa wiki kadhaa, nyingi ni kama wiki nne, lakini chumba cha bati bila dari mchana wa Oktoba hapa kwetu hakihesabiki kuwa joto la kawaida. Leo hii omba nafasi kwenye friji ya jirani, kisha mpigie mfamasia umwambie dawa imekaa nje tangu lini. Yeye ndiye aseme itumike au itupwe, si mimi. Ukikosa jirani, chukua vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, ulowanishe, weka dawa kwenye mfuko usiopitisha maji ndani ya chungu kidogo, funika kwa kitambaa kibichi na uweke kivulini penye upepo. Hewa yetu kavu, hii inayotupasua midomo kila Julai, ndiyo inayofanya chungu kipoe Dodoma kuliko ambavyo kingepoa Tanga. Hakifikii baridi ya friji, ila kinalishinda kabati kwa mbali.

Nyama nayo, friza iliyojaa na isiyofunguliwa huhimili kama siku mbili, iliyojaa nusu, kama siku moja, na sehemu ya chini muda wa saa nne tu. Iliyokwisha kuyeyuka ikashinda kwenye joto, itupe. Usiinuse kwanza ndipo uamue, maana vijidudu vingine havina harufu.

Sasa friji yenyewe. Kwa dalili ulizoeleza, mwanafunzi wa kidato cha nne ana nafasi kubwa ya kuwa sahihi kuliko hao mafundi wawili. Lakini nafasi kubwa si kipimo, na yeye pia hajapima. Watu watatu wametoa majibu matatu, na hakuna hata mmoja aliyeweka kifaa cha kupimia kwenye friji yako. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko friji.

Tuanze na gesi, maana hapo ndipo hela nyingi za watu zinapopotelea. Gesi ya friji si mkaa wala mafuta ya taa. Haiungui ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa kiwandani: kompresa inaigandamiza inakuwa ya moto, inapoa kwenye mabomba ya nyuma au ya ubavuni hadi inageuka kimiminika, inapenya kwenye kibomba chembamba kama sindano, halafu inatanuka ndani ya friza na kuchota joto la chakula chako. Kisha inarudi kwenye kompresa na safari inaanza upya. Kiasi chenyewe ni kidogo mno: friji nyingi za siku hizi zenye gesi ya R600a zina gramu 30 hadi 70 hivi, haijazi kikombe cha chai. Gramu hizohizo zinaweza kuzunguka miaka 20. Zikipungua, maana yake kuna tundu, na anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia gesi ya wiki chache. Joto la Dodoma linaifanya friji ifanye kazi zaidi, lakini haliimalizi gesi.

Na kwako kuna ushahidi mwingine. Friji iliyokosa gesi hailii "ta". Kompresa yake ina kazi nyepesi, kwa hiyo inawaka bila shida na kuunguruma mchana kutwa bila kupumzika, ila baridi hakuna, au barafu inashika kipande kidogo tu cha friza. Yako haifiki huko. Inajaribu kuwaka, inashindwa, inazimwa. Hili ni jambo la umeme, na linaelezeka.

Ndani ya lile pipa jeusi la kompresa mna mota yenye koili mbili, moja ya kuendeshea na moja ya kuanzishia. Ile ya kuanzishia inahitajika muda usiozidi sekunde moja au mbili, kuipa mota msukumo wa kwanza. Ikiachwa na umeme inaungua. Kwa hiyo pembeni ya kompresa kuna kidude cha plastiki, mara nyingi cheusi au cheupe, ndiyo stata. Kwenye friji nyingi za nyumbani ndani yake mna kisahani cha kauri chenye tabia moja ya ajabu: kikiwa cha baridi kinapitisha umeme, kikipata moto kinauzuia. Ukichomeka friji, umeme unapita, koili ya kuanzishia inapiga teke, kisahani kinachemka papo hapo na kujifunga, mota inaendelea na koili moja. Kisahani hubaki cha moto muda wote kompresa inapofanya kazi.

Umeme ukikatika na kurudi baada ya sekunde 20, kisahani bado ni cha moto. Hakipitishi. Halafu ile gesi upande mmoja bado ina mgandamizo mkubwa na upande wa pili mdogo, haijapata muda wa kusawazika kupitia kile kibomba chembamba. Mota inaambiwa inyanyue mzigo bila teke la kuanzia. Inabaki inaguna pale pale, ikivuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake. Hapo ndipo kidude cha pili, mafundi wanakiita ovalodi, kinapoona joto limezidi na kukata. Hiyo ndiyo "ta" yako. Baada ya dakika chache kinapoa, kinaunga tena, mota inajaribu tena. Kwa hiyo mlio unaokutia hofu ni wa mlinzi anayefanya kazi yake. Hapaswi kulaumiwa, na wala, tutafika huko, hapaswi kurukwa.

Friji nzima ingejirekebisha yenyewe kama ungeichomoa dakika kumi ikapoa. Umesema imeendelea tangu Jumapili, kwa hiyo kuna kitu kimebaki kibovu au umeme wenyewe haufiki vizuri. Mara nyingi ni kile kisahani: kupata moto na kupoa ghafla mara tatu mfululizo kunakipasua.

Kabla ya mdogo wako kutoa hiyo 12,000, pimeni umeme. Tanzania umeme wa nyumbani ni volti 230. Nguvu ya kuanza ya mota ya aina hii hushuka kuliko volti zinavyoshuka: ukipata volti 180 badala ya 230, nguvu ya teke inabaki kama asilimia 61 tu. Mitaa iliyo mwisho wa laini, jioni kila mtu anapopika na kupiga pasi, hali hiyo ni ya kawaida. Nilipokuwa fundi mchanga niliwahi kubadilisha stata mbili kwenye nyumba moja ya mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma, mwezi mmoja, nikimlaumu muuza spea. Mara ya tatu nilifika saa mbili usiku nikakuta friji imechomekwa kwenye ekstensheni nyembamba ya mita kumi, na ekstensheni hiyohiyo inachemsha maji. Stata hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, nilikuwa nakuja mchana.

Basi chomekeni friji moja kwa moja ukutani, peke yake. Pimeni soketi kwa multimita, ile yenye waya mwekundu na mweusi, si bisibisi ya testa inayowaka taa. Bisibisi itakwambia umeme upo, haitakwambia upo kiasi gani. Kama mdogo wako hajawahi kushika multimita kwenye umeme ulio hai, kipimo hiki kimoja kifanywe na mtu mzima anayejua. Vipimo vingine vyote vinavyofuata ni vya friji iliyochomolewa, na hivyo anaweza.

Nikisema imechomolewa, nina maana plagi imeshikwa mkononi au imewekwa juu ya friji kila mtu aione. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, maana kuna nyumba nyingi ambako swichi imefungwa kwenye waya usiohusika. Vaeni viatu. Kama kuna kapasita, kile kikopo kidogo chenye nyaya mbili, msikiguse miguu yake kwa vidole. Kinaweza kuwa kimebaki na chaji hata friji ikiwa imechomolewa. Na kabla ya yote someni kibandiko cha kompresa au cha nyuma ya friji. Kikiandikwa R600a, au kuna pembetatu ya njano yenye mwali wa moto, gesi yenu inashika moto. Zimeni jiko la mkaa, fungueni dirisha na mlango. Kubadilisha stata hakugusi gesi hata kidogo, lakini kama kuna tundu ambalo hamlijui, gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatuama chini, na haina harufu ya kukutonya kama ile ya mtungi wa kupikia. Kibandiko kikisema kompresa ni ya inveta, acheni hapo hapo: haina stata ya namna hii, inaendeshwa na bodi ya elektroniki, na maelezo yangu yaliyobaki hayaihusu.

Vuteni friji mbele, msiilaze. Kwa chini nyuma mtaona kompresa, na ubavuni mwake kifuniko cha plastiki kilichoshikwa na klipu ya waya. Pigeni picha kabla ya kugusa, kisha picha nyingine baada ya kila hatua. Simu ya mdogo wako hapa ina kazi kubwa kuliko video alizoangalia. Ondoeni klipu kwa bisibisi bapa, toeni kifuniko, kisha vuteni stata taratibu, moja kwa moja nje, bila kuipindapinda. Nyuma yake mtaona pini tatu zimekaa kama mafiga.

Shika stata kwa vidole viwili, ipeleke sikioni, itikise. Nzima iko kimya kama jiwe. Iliyokufa inachakarika, kama punje za mtama ndani ya kibuyu. Hicho ni kisahani kimevunjika vipande. Inuse: ya kuungua ina harufu kali ya plastiki na mara nyingi kuna doa la kahawia kwenye tundu mojawapo. Ukisikia mchakariko, umepata jibu kwa gharama ya sifuri. Isipochakarika, weka multimita kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, na upime matundu yake mawili yanayopokea pini, stata ikiwa imepoa kabisa. Inapaswa kutoa namba ndogo, mara nyingi kati ya omu 10 na 40. Ikikaa kimya bila kusoma, imekufa. Ovalodi ikipoa inapaswa kusoma karibu na sifuri.

Halafu kipimo ambacho fundi wako wa pili alipaswa kukifanya kabla ya kutamka 320,000. Pimeni zile pini tatu za kompresa, mbili mbili, muandike namba tatu. Katika kompresa nzima ya kawaida, namba kubwa kuliko zote ni jumla ya hizo nyingine mbili. Mfano: 14, 19 na 33. Namba zenu zinaweza kuwa tofauti na hizo, msijali, angalieni kama hesabu inakubali, au inapishana kwa sehemu ya omu tu. Kisha wekeni ncha moja kwenye pini na nyingine kwenye bomba la shaba, mahali palipokwanguliwa rangi. Hapo pasisome kitu chochote, kwa pini zote tatu.

Hesabu ikikubali na kwenye bomba hakuna kinachosoma, koili za kompresa ni nzima, na jaribio la 12,000 linafaa kufanywa. Pini moja isiposoma na mwenzake yeyote, au ikisoma kwenye bomba, kompresa imeungua na stata haitaifufua. Yupo pia wa tatu: kompresa yenye koili nzima lakini imekwama kwa ndani, chuma kwa chuma. Huyo hatambuliki kwa omu. Unamtambua baada ya kuweka stata mpya, umeme ni mzuri, na bado inalia "ta". Kwa hiyo ndiyo, kuna uwezekano ukatoa 12,000 na isiwake. Mimi ningeitoa. Hata fundi mzuri angeanza na hiyo.

Dukani, mdogo wako asitaje jina la friji. Aende na stata yenyewe mkononi pamoja na picha ya kibandiko cha kompresa. Namba zilizochapwa kwenye stata zilingane, mpangilio wa matundu ulingane, na ovalodi iwe ya kompresa ya ukubwa ule ule, kwa sababu kila moja imepangiwa ikate kwenye kiwango chake cha umeme. Atauziwa pia kile kidude cha tatu kwa kimoja chenye nyaya, kinachodaiwa kuwasha kompresa yoyote. Kinasaidia kujua kama kompresa ina uhai, na kwa kuvusha siku mbili. Kukiacha humo daima, hasa kwenye friji ya R600a ambayo haitaki kitu cha kutoa cheche, siungi mkono. Na akikutana na mjuzi wa kijiweni atakayemwambia "ruka tu ovalodi, unga waya moja kwa moja", arudi nyumbani. Friji iliyorukwa ovalodi siku umeme utakapopungua usiku haitalia "ta". Itaendelea kuchemka mmelala.

Mkirudisha, chomekeni stata hadi ikae, ovalodi mahali pake, kifuniko na klipu virudi. Kifuniko si urembo, kinazuia mende, maji na vidole vya watoto. Chomeka ukutani. Kama ni stata, mtasikia mguno mfupi usiofika sekunde moja, kisha sauti inatulia na kuwa nyembamba. Baada ya dakika kumi guseni bomba linalotoka kwenye kompresa kwa uangalifu, litakuwa la moto. Ubavu wa friji utapata vuguvugu. Watu wengi hunipigia simu kwa hofu ya ubavu kupata moto. Friji nyingi za sasa mabomba ya kupozea yamefichwa humo, ndivyo zilivyotengenezwa, na ndiyo sababu usipigilie msumari wala kutoboa ubavu kwa lolote. Ipe siku nzima kabla ya kupakia chakula. Shabaha ni nyuzi 4 kwenye sehemu ya chini ya friji, na nyuzi 18 chini ya sifuri kwenye friza.

Swali lako la mlipuko sasa. Mpaka wa mdogo wako ni bomba la shaba. Kila kilicho nje ya bomba, stata, ovalodi, kapasita, thamostati, taa, raba ya mlango, anaweza kukibadilisha friji ikiwa imechomolewa. Kilicho ndani ya bomba si chake, hata kama video imeonyesha ni rahisi. Hatari ya kulipuka haipo kwenye kuchomeka kidude, ipo kwa anayekata au kulehemu bomba lenye R600a ndani, au anayejaza gesi isiyo yake. Wapo wanaojaribu kutafuta tundu kwa kujaza oksijeni ya mtungi wa kulehemea. Oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka, na imeua watu. Kazi hiyo hufanywa kwa naitrojeni.

Kwa hiyo vipimo vikionyesha kompresa imeungua, hapo ndipo unamwita fundi wa ana kwa ana, na sasa unamwita ukiwa na namba zako tatu kwenye karatasi. Tafuta aliyesomea majokofu na viyoyozi. VETA wanafundisha fani hiyo, na ukiuliza chuoni utaelekezwa kwa waliohitimu. Kabla hajafungua begi muulize kama atabadilisha na filta, kwa sababu bomba likishafunguliwa filta ya zamani imekwisha nyonya unyevu wa hewa. Muulize kama ana pampu ya kunyonya hewa, na anaiendesha muda gani. Akisema anatumia kompresa yenyewe kujisafisha, au anapuliza tu gesi kidogo itoe hewa, mshukuru na umsindikize hadi barabarani. Na muulize gesi ataipima kwa nini. Friji yenye gramu 50 haijazwi kwa kukadiria kwa sikio. Inapimwa kwa mizani, na gesi ni ile iliyoandikwa kwenye kibandiko: R134a na R600a hazichanganywi, wala moja haichukui nafasi ya nyingine hivi hivi, hata mafuta ya kompresa zake si ya aina moja.

Kuhusu hiyo 320,000, friji ya miaka sita ambayo kabati lake, raba na milango ni mizima, mimi ningeitengeneza, mradi kompresa ni mpya, ina dhamana ya maandishi, na imelingana na gesi yako. Kompresa ya mtumba kwa bei hiyo, hapana. Na kama friza lina tundu pia, yaani gesi ilivuja na kompresa ikafa, anza kuhesabu bei ya friji nyingine. Tundu kwenye alumini ya friza huzibwa, ila mara chache hukaa. (Matundu mengi niliyoyaona yana umbo la ncha ya kisu. Barafu ikishika, chomoa, fungua mlango, weka sufuria ya maji ya moto ndani. Kisu kirudi jikoni.)

Huenda pia stata ikafanya kazi vizuri na joto la ndani lisishuke huku kompresa inaunguruma. Kama friji yako ni ile isiyoshika barafu, yenye feni ndani ya friza, kabla hujakubali neno gesi fanya jambo moja: chomoa, acha milango wazi siku nzima na matambara chini, kisha washa. Ikipoa vizuri siku tatu nne halafu ikafa tena, mfumo wa kuyeyusha barafu ndio mbovu, hita yake, taima au sensa, na barafu imeziba njia ya feni nyuma ya paneli. Hizo zote ziko nje ya bomba, na ni spea za bei ya kawaida. Paneli ya ndani nayo huvunjika kwa papara, kwa hiyo hapo ningependa mdogo wako asimame karibu na fundi akiangalia mara ya kwanza.

Yapo mazingira ambayo nakuomba usimruhusu hata kufungua kifuniko. Kama friji inakupiga shoti ukiigusa pekupeku, kama inaangusha swichi kubwa ya nyumba kila ikichomekwa, kama kuna mafuta mafuta kwenye mabomba ya nyuma, au pini za kompresa zimelegea na kuungua kwenye shina. Pini iliyoungua shina inaweza kuchomoka na kurusha mafuta na gesi ya moto usoni. Hiyo chomoa, sogeza watoto, ita fundi.

Ikishawaka, nunua kile kifaa kidogo cha kulinda friji, friji gadi, kinachokata umeme ukizidi au ukipungua na kungoja dakika chache kabla ya kuurudisha. Zile dakika chache ndizo kisahani cha kauri kinazohitaji kupoa. Kama ungekuwa nacho Jumapili huenda usingeniandikia. Hadi ukipate, umeme ukikatika nenda kachomoe kwa mkono, urudishe baada ya dakika tano za umeme uliotulia. Na ukiwa umeivuta friji mbele, pangusa vumbi la nyuma kwa brashi laini. Upepo wetu wa Agosti unajaza vumbi jekundu hadi mabomba yanavaa blanketi. Irudishe ikiwa imeachana na ukuta kiganja kimoja, na mbali na jiko.

Mwambie mdogo wako aniletee zile namba tatu, ile ya volti za jioni, na maneno yaliyoandikwa kwenye kibandiko cha kompresa, yote, hata asiyoyaelewa. Na aniambie stata ilipotikiswa ilisema nini.